Wimbo mmoja, namba 36 na namba 4: Dixie Chicks na redio zilizowapiga chini

Leo tunatoka kidogo kwenye bongo fleva na hip hop. Najua wengi wenu mkisikia neno kantri mnamkumbuka mzee fulani wa mtaani na kaseti zake za Jim Reeves na Kenny Rogers. Ndugu zetu wa Kenya ndo usiseme, kantri wanaipenda utadhani ilizaliwa Eldoret. Lakini vumilieni hata kama muda wenu wa cafe unahesabika, maana kisa hiki kina vita, kina rais, kina barua ya kumtishia mtu kifo na kina trekta lililokanyaga CD mbele ya watu wanaoshangilia.

Wimbo wenyewe unaitwa "Not Ready to Make Nice" wa Dixie Chicks, ulitoka mwaka 2006. Jina lake ukilitafsiri kimtaa ni kama mtu anakwambia "bado sijawa tayari kuyamaliza".

Sasa angalieni namba. Kwenye chati ya Billboard ya kantri, wimbo huu uliishia namba 36. Kwenye Hot 100, ile chati kubwa ya nyimbo za aina zote ambayo mapema 2007 ilikuwa imejaa kina Beyoncé na Justin Timberlake, wimbo huu huu ulifika namba 4. Yaani wimbo wa kantri, wa kundi la kantri, uliokuja kushinda Grammy ya kantri, nyumbani kwao hata 30 bora haukuingia, halafu ugenini ukawa ndani ya tano bora. Kwa hesabu za kawaida inatakiwa iwe kinyume. Kuna mdau aliniuliza inawezekanaje, nikamwambia jibu lake ni refu, subiri. Ndo hili.

Kwanza kina dada wenyewe. Dixie Chicks walianzia Dallas, Texas, mwaka 1989. Ndugu wawili wa tumbo moja, Martie na Emily, mmoja fidla mwingine banjo, walikuwa na wenzao wawili ambao baadaye waliondoka. Mwaka 1995 akaingia Natalie Maines wa Lubbock, huko huko Texas, binti wa mpiga gitaa maarufu Lloyd Maines. Huyu Natalie ana sauti ambayo hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga utaelewa ana hasira au ana huzuni. Albamu mbili zilizofuata, Wide Open Spaces ya 1998 na Fly ya 1999, kila moja ilipita kopi milioni 10 Marekani peke yake. Hapo hatuzungumzii kundi dogo. Januari 2003 wao ndo walioimba wimbo wa taifa kwenye Super Bowl. Ukipewa hiyo kazi kule ujue nchi nzima imekukubali.

Wiki sita baadaye mambo yakageuka.

Tarehe 10 Machi 2003 walikuwa London, ukumbi wa Shepherd's Bush Empire. Marekani ilikuwa inajiandaa kuivamia Iraq na mashambulizi yalikuja kuanza siku kama kumi baadaye. Katikati ya shoo, Natalie akawaambia mashabiki kwamba wao hawaitaki vita hii, na kwamba wanaona aibu rais wa Marekani anatoka Texas. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Na kiukweli huyo Bush alizaliwa Connecticut, Texas alikulia tu na kuwa gavana, lakini nani alikuwa na muda wa kupekua cheti cha kuzaliwa.

Gazeti la Guardian la Uingereza likaandika habari ya shoo na maneno yale yakiwemo. Intaneti ya 2003 haikuwa na Twitter wala Facebook, lakini kulikuwa na barua pepe na kurasa za mijadala, na zilitosha. Ndani ya siku chache vituo vya kantri Marekani vilikuwa vinapokea simu mfululizo. Kwenye jimbo la Louisiana kituo kimoja kiliita watu walete CD zao, zikapangwa chini, trekta likapita juu yake. Vingine viliweka mapipa ya taka nje ya studio ili watu watupie humo. Kule Colorado madijei wawili walisimamishwa kazi kwa sababu walipiga nyimbo za Dixie Chicks wakati kituo kilishakataza.

Wakati haya yanatokea, wimbo wao "Travelin' Soldier" ulikuwa namba moja kwenye chati ya kantri. Unahusu nini? Binti mdogo anayempenda kijana aliyepelekwa vitani Vietnam, na yule kijana harudi. Ni wimbo wa kumlilia askari! Lakini wiki iliyofuata ukaanza kuporomoka na muda si mrefu haukuwepo kabisa kwenye chati. Mwingine, "Landslide", ulikuwa namba 10 kwenye Hot 100, ndani ya wiki moja ukaanguka hadi 43. Nyimbo huwa zinashuka taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi. Ile ilikuwa kama kusukumwa dirishani.

Natalie aliomba radhi siku nne baada ya shoo, akasema kauli yake ilikosa heshima kwa cheo cha urais. Haikusaidia. Bush mwenyewe alipoulizwa na mtangazaji Tom Brokaw wa NBC alijibu kwamba wale kina dada wana uhuru wa kusema wanachotaka, lakini wasiumie watu wakikataa kununua kazi zao. Na mimi kwenye hilo simpingi. Mnunuzi ana haki ya kuacha kununua, hakuna anayelazimishwa. Tatizo langu liko kwenye kitu kingine, na hapa naomba umakini wenu maana ndo kiini cha zile namba mbili.

Redio ya biashara haiuzi muziki. Redio inauza masikio yetu kwa wenye matangazo. Msikilizaji akibadilisha stesheni, bidhaa imekimbia. Kwa hiyo yule mpanga nyimbo wa kituo haogopi sana wimbo ambao watu hawaujali, huo utapita kama upepo. Anaogopa wimbo unaomfanya mtu anyooshe mkono abadilishe. Kule Marekani vituo vikubwa vilikuwa vinafanya utafiti wa simu: wanampigia msikilizaji, wanamchezea kipande cha sekunde chache, wanamuuliza anaupenda kiasi gani au ameuchoka. Wimbo unaopendwa mno na nusu ya watu na kuchukiwa mno na nusu nyingine unafeli mtihani huo. Unaopendwa kidogo na wote unafaulu. Sasa weka Dixie Chicks kwenye mtihani huo mwezi Machi 2003, jibu unalo.

Hilo ni la kwanza. La pili ni umiliki. Zamani sheria ya Marekani iliweka kikomo cha vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchi nzima, na hadi miaka ya katikati ya 1990 vilikuwa 40: 20 vya AM na 20 vya FM. Mwaka 1996 ikapitishwa sheria mpya ya mawasiliano iliyoondoa kikomo hicho. Kampuni zikaanza kununua vituo kama mtu anayenunua nyanya sokoni. Clear Channel ilifika vituo kama 1,200. Wengi mpaka leo wanasema ni Clear Channel iliyowafungia Dixie Chicks, lakini kampuni iliyotoa amri ya wazi kutoka makao makuu ilikuwa nyingine, inaitwa Cumulus, ya Atlanta. Hiyo iliwaondoa kwenye vituo vyake vyote vya kantri, zaidi ya 40, kwa mwezi mzima.

Julai 2003 jambo hilo lilifika kwenye kamati ya Seneti iliyokuwa chini ya John McCain. Jamaa alikuwa wa chama cha Bush, mwanajeshi mstaafu aliyeteswa Vietnam, na vita ya Iraq aliiunga mkono. Lakini alimbana bosi wa Cumulus kweli kweli. Hoja yake ilikuwa kwamba kituo cha mji fulani kikiamua chenyewe kwa sababu ya wasikilizaji wake, sawa, ni biashara. Makao makuu yakitoa amri moja kwa miji yote, hapo kuna hatari kwa uhuru wa kusema. Kuna kitu cha kuheshimu kwa mtu anayemtetea asiyekubaliana naye.

Hakuwa peke yake. Merle Haggard, gwiji wa kantri, mzee ambaye nyimbo zake za zamani ndo wazalendo wa Marekani walikuwa wanazitumia kama ngao, alijitokeza akasema wale mabinti wanaonewa. Upande wa pili alikuwepo Toby Keith, aliyekuwa na wimbo mkali wa kulipiza kisasi cha Septemba 11. Yeye kwenye shoo zake alikuwa anaonyesha picha ya kutengeneza ya Natalie akiwa na Saddam Hussein. Bifu lao ukilisoma leo unaona mabifu ya rap ni ya watoto.

Na haikuwa mzaha. Ilikuja barua ikisema Natalie atapigwa risasi jukwaani Dallas tarehe 6 Julai 2003. Ilikuwa na tarehe na ilikuwa na mji, na polisi waliichukulia kwa uzito. Walipanda jukwaani Dallas siku hiyo, wakaimba, wakaondoka salama chini ya ulinzi.

Basi kwa karibu miaka mitatu wakanyamaza, wakalea watoto. Waliporudi studio walimchukua prodyuza Rick Rubin. Kwa vijana wa hip hop, ni yule yule aliyeipika "99 Problems" ya Jay-Z. Kwenye uandishi wakaongezewa Dan Wilson, mwanamuziki wa rock kutoka bendi ya Semisonic. Wimbo unaanza na gitaa la taratibu na sauti ya mtu anayejizuia. Halafu unapanda, vinanda vya nyuzi vinaingia, na ikifika katikati Natalie hajizuii tena. Kuna sehemu anaizungumzia ile barua ya vitisho. Kuna sehemu anashangaa mama anayemfundisha bintiye kumchukia mtu ambaye hawajawahi hata kukutana naye. Jina la Bush halimo. Iraq haimo. Neno vita halimo. Ukimpigia mtu asiyejua historia atakwambia ni wimbo wa mwanamke aliyeachwa vibaya.

Naomba niseme ukweli wangu: kama wimbo ungemtaja Bush, leo ungekuwa umeshazeeka naye. Umebaki kwa sababu kila mtu aliyewahi kuambiwa "omba msamaha yaishe" anaingia humo.

Kuuchagua kuwa wimbo wa kwanza wa albamu ilikuwa ubishi wa makusudi. Albamu ilikuwa na nyimbo laini ambazo zingeweza kupelekwa redioni kama mkono wa amani. Wao Machi 2006 wakapeleka huu, yaani wakabisha hodi kwa watu waliowafukuza huku wakiwaambia bado tumekasirika. Redio za kantri zikafanya kile kile. Vituo vingine viliujaribu kidogo, wasikilizaji wakapiga simu, ukatolewa. Namba 36, mwisho wa safari.

Sasa kwa nini Hot 100 ilikuwa tofauti? Kwa sababu chati hizi mbili zilikuwa zinapima vitu viwili. Kuanzia 1990 chati ya kantri ya Billboard ilikuwa inahesabu upigwaji redioni tu, na redio zenyewe ni za kantri tu. Mtu akinunua wimbo, hahesabiwi. Akiupenda hadi akalia, hahesabiwi. Ukifungiwa na wapanga nyimbo, huna kura hata moja. Hot 100 ilikuwa inachanganya redio za aina zote pamoja na mauzo, na kuanzia Februari 2005 iliingiza pia nyimbo zinazonunuliwa na kupakuliwa kwenye intaneti. Mwanzoni hii ilionekana jambo dogo la kitaalamu. Kwa Dixie Chicks ilikuwa mlango wa nyuma.

Albamu yao, Taking the Long Way, ilitoka Mei 2006 na wiki ya kwanza ikauza kopi 526,000, ikakaa namba moja nchi nzima. Bila redio za kantri! Walionunua wengine walikuwa mashabiki wa zamani, wengine watu wa mijini ambao kabla ya hapo wasingegusa CD ya kantri hata kwa fimbo. Na hali ya nchi ilishabadilika. Wakati vita inaanza, kwenye kura za maoni za Gallup, Wamarekani kama 7 kati ya 10 walikuwa wanaridhika na kazi ya Bush. Mei 2006 walibaki kama 3. Kauli ya London iliyoonekana uhaini sasa ilikuwa inasemwa na watu wengi tu mezani kwao.

Msidhani mambo yote yalikuwa mazuri. Ziara yao ya 2006 ilipwaya, tiketi kwenye miji kadhaa ya Marekani hazikununuliwa, shoo zikafutwa na nyingine zikaongezwa Canada. Majimbo ya kusini hayakuwasamehe. CMA, chama cha watu wa tasnia ya kantri wenyewe, mwaka huo hakikuwapa hata nafasi ya kuwania tuzo. Ndo maana ukisikia mtu anasema "walishinda", muulize walishinda wapi.

Walishinda Los Angeles. Tarehe 11 Februari 2007 kwenye Grammy waliondoka na tuzo tano. "Not Ready to Make Nice" ikawa Rekodi ya Mwaka na Wimbo wa Mwaka, ikachukua na ya kundi bora la kantri. Albamu ikawa Albamu ya Mwaka na Albamu Bora ya Kantri. Grammy hupigiwa kura na watu wa muziki wa aina zote, CMA na watu wa kantri, kwa hiyo usishangae majibu hayafanani. Walikuwepo waliosema ile ilikuwa kura ya siasa, watu wa Hollywood wanamkomoa Bush. Kwa maoni yangu, kwa sehemu ni kweli, tusidanganyane. Tuzo tano kwa usiku mmoja hazikuletwa na fidla peke yake. Ila wimbo ni mzuri, na hilo pia ni kweli.

Baada ya usiku ule watu wakakimbilia intaneti kununua. Wimbo uliokuwa umeshatoka kwenye Hot 100 ukarudi na kukaa namba 4, juu kuliko wimbo wao wowote kabla. Redio za kantri zilikaa kimya vile vile.

Athari yake ilibaki miaka mingi. Kule Nashville jina la kundi likageuka kuwa kitendo: msanii anaonywa asije "akadixiechickiwa". Taylor Swift alitoa wimbo wake wa kwanza Juni 2006, akiwa na miaka 16, mwaka ule ule. Kwenye filamu yake ya maisha ya 2020, Miss Americana, anasimulia jinsi alivyokua akiambiwa usiwe kama Dixie Chicks, siasa kaa nazo mbali. Mwaka 2019 alikuja kuwashirikisha kwenye albamu yake. Wao wenyewe Juni 2020 waliondoa neno Dixie, linalokumbusha majimbo ya kusini ya enzi za utumwa, na sasa wanaitwa The Chicks.

Chati nayo ilibadilika. Oktoba 2012 Billboard waliingiza mauzo na kusikilizwa mtandaoni kwenye chati kuu ya kantri, na upigwaji redioni wakaupa chati yake ya pembeni. Matokeo yake tuliyaona Februari 2024, Beyoncé, binti wa Houston, Texas, alipotoa "Texas Hold 'Em". Kituo kimoja cha Oklahoma kilimjibu msikilizaji kwamba hakipigi Beyoncé kwa sababu ni kituo cha kantri. Mashabiki wakakivamia mtandaoni, kikaupiga. Kwenye chati kuu wimbo ulikuwa namba moja, mara ya kwanza kwa mwanamke mweusi. Kwenye ile ya redio peke yake haukuingia hata 30 bora.

Na huyu Beyoncé alishawahi kusimama jukwaa moja na Chicks. Ilikuwa Novemba 2016, kwenye tuzo za CMA, wakaimba pamoja "Daddy Lessons", na matusi yaliyofuata mtandaoni mnaweza kuyakisia. Wakati albamu ya Cowboy Carter inakaribia kutoka, 2024, aliandika kwamba ilizaliwa kutokana na tukio la miaka iliyopita ambapo hakujisikia kukaribishwa. Hakutaja ni lipi. CMA za mwaka huo hazikuipa albamu hiyo hata nafasi moja ya kuwania. Februari 2025 Grammy zikaipa Albamu Bora ya Kantri na Albamu ya Mwaka, zile zile mbili ambazo Chicks walizibeba mwaka 2007.

Haya, uwanja ni wenu wadau.